Kundi Mvurugo Langoni Majimbo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata njia ya kundi letu kusikika! Jumamosi kaka yangu Kiogora anapeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina mchumba wake Wawira, mtaa wa Majimbo, Embu. Akina mama wa kule watafunga lango, kama ilivyo desturi, na kuuliza kwa wimbo sisi ni akina nani. Tutajibu kwa wimbo mpaka waridhike na kufungua. Nimemshawishi Mama kwamba watakaojibu wawe Kundi Mvurugo.

Yaani sisi. Mimi kwenye saksafoni. Abdi wa Majengo kwenye sufuria na minyororo ya bucha ya baba yake. Dada yake Zuleka kwenye pampu ya baiskeli. Jazi huru. Hakuna noti, hakuna mpango, hakuna kurudia kitu mara mbili.

Sharti la Mama: tukimwaibisha, stoo tunayofanyia mazoezi hapa Ruiri inarudi kuwa ya viazi. Bila stoo hakuna kundi. Majirani wa Abdi walishatufukuza Majengo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua Mama amemwalika Lennox pia, "just in case". Lennox ni mpiga kinanda wa kanisa letu. Kupiga ni neno kubwa. Anabonyeza kitufe, kinanda kinajipiga, yeye anatabasamu.

Nimemwambia kwa huruma kwamba kule langoni hakuna stima, asijisumbue. Akaniambia, "Siz, hii kitu inatumia betri."

Akatabasamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi baada ya Abdi na Zuleka kutoka swala. Zuleka aliuliza tutajuaje tumefika mwisho. Nikamwambia mwisho utatupata wenyewe. Abdi akasema kwao buchani nyama ikiisha kila mtu anajua. Hana falsafa, lakini ana mikono.

Kisha aliachia mnyororo uteremke polepole ndani ya sufuria. Pampu ikashusha pumzi. Nikashika sauti moja nyembamba, nikaiacha itetemeke. Hakuna aliyejua kinachofuata. Tukaanza kucheka wote watatu, kama watoto waliopewa matope. Kwa hili naishi. Nani anacheka akibonyeza kitufe?

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kwa utulivu.

Lango la mabati, limefungwa. Ndani, shangazi yake Wawira, Gladwell, akaongoza wimbo: ninyi ni akina nani, mnatafuta nini? Jibu linajulikana na kila mtu kuanzia Embu mpaka Maua. Tumekuja kutafuta ua lililo bustanini mwenu.

Nikajibu kwa mngurumo.

Halafu Gladwell akauliza, bila kuimba, kama kuna mgonjwa kati ya wageni.

Wakauliza tena kwa wimbo. Kwa kuwa haturudii, niliwapa jibu tofauti kabisa. Abdi akamwaga minyororo. Wakauliza mara ya tatu, lakini safari hii mtu kule ndani aligonga karai. Mwingine akapitisha mwiko kwenye mabati, krrrrr. Zuleka akapuliza pampu, mama fulani akaijibu kwa mdomo, fyuu! Wakaangua kicheko. Maswali yakaisha. Sufuria kwa sufuria, kigelegele juu ya saksafoni. Hatujawahi kupiga hivyo maishani.

Tatizo: hakuna aliyefungua. Nani angefungua? Wangepoteza mchezo.

Baba alikuwa juani, ameshika kondoo dume kwa kamba. Wazee walikuwa wamekalia madebe ya asali. Kiogora, ndani ya suti, alikuwa akinitazama kama mtu aliyeanza kuhesabu miaka yake. Mwishowe Baba akasema neno moja: "Lennox."

Kitufe. Wetu wakaimba lile jibu la ua; mstari wa pili haujaisha, lango limefunguka.

Gladwell, bado ameshika kifuniko cha sufuria alichokuwa akigonga, alinikuta nikifuta saksafoni. "Wewe msichana, mbona mmenyamaza? Ndiyo tulikuwa tunaanza kupata utamu!" Nusura nilie.

Ruracio ilienda vizuri, wanasema.

Jumapili, 10 Agosti

Magunia ya viazi yalikuwa stoo kabla ya kanisa. Nilimweleza Mama maneno ya Gladwell, neno kwa neno. Akasema Gladwell alikuwa kivulini. Akaongeza kwa upole, "Kagwiria wangu, viazi havijawahi kuniaibisha kwa wakwe."

Lennox alipiga ibada nzima. Alinipungia mkono.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbili za kutafakari. Nimeona kosa letu, na si dogo.

Lango lilifunguliwa mapema mno.

Wale akina mama hawakuwa wanamuziki mpaka walipojifungia. Ni kizuizi kilichowaweka huru! Sasa, harusi ni Desemba, kanisani Embu. Sisi watatu tutakuwa ndani, tumefunga. Nje: waalikwa wote, mchungaji, wazee, maharusi. Watagonga. Tutajibu. Watagonga zaidi. Baba hatapata nafasi ya kumwita mtu, kwa maana Lennox naye atakuwa nje akigonga kama wengine, na itakuwa mara yake ya kwanza kupiga kitu kwa mkono wake.

Nimempigia simu Mutegi, mtunza kanisa, kuomba ufunguo. Aliuliza kama Kiogora anajua. Nikasema ni zawadi. Akauliza bibi harusi ataingilia wapi.

Nimemwambia hilo litajulikana tukiwa tunapiga.