Kitambaa Kwenye Kijiti cha Joto

Jumatatu, tarehe 2 Machi
Wameuleta mtambo! Kabati la chuma lenye taa za kijani, hatua mbili tu kutoka kwenye kiti changu. Miaka kumi na tisa nimefungua na kufunga mvuke wa sufuria kubwa la sabuni, kwa pua na sikio. Sasa meneja anasema mtambo utanitazama siku tatu, ujifunze, na Ijumaa uendeshe wenyewe. Ukifaulu, nahamia kufunga maboksi. Chini ya Kidevu, msimamizi wa maboksi! Hatusalimiani tangu aikalie kofia yangu. Na fundi wa mtambo ni nani? Shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu. Ameniambia nifanye kazi kama siku zote, shemeji, nisijitese. Nimetabasamu. Moyoni nawaka.

Jumanne, tarehe 3
Nimepata dawa. Kama unaniiga, nitaufundisha upuuzi. Saa nne nimepunguza mvuke hadi karibu kuuzima, nikaenda kunywa chai. Dakika arobaini! Kawaida yangu ni kumi. Shemeji akauliza kama kuna tatizo. Nikamjibu kwamba huo ndio utaalamu wenyewe. Ameandika kwenye daftari, maskini.

Jumatano, tarehe 4
Chai tena, dakika arobaini. Tumbo limejaa chai kama ndoo. Jioni wamekata sabuni ya jana. Laini, haina hata ufa mmoja! Meneja ameinusa, akauliza kimebadilika nini. Shemeji akasema ni yale mapumziko ya saa nne. Nimepigiwa makofi mbele ya wote, Kidevu akiwemo. Sijawahi kukasirika hivi.

Alhamisi, tarehe 5
Utani basi. Nimegundua mtambo unajua joto kwa kijiti kimoja, kimechomekwa ubavuni mwa sufuria. Kikipoa, utadhani sabuni imepoa, utaongeza mvuke, sabuni itaanza kufurika. Hapo naruka mimi, nafunga koki kwa mkono, nakiokoa kiwanda. Nani atathubutu kunipeleka kwenye maboksi? Hotuba nimeshaiandaa. Fupi, yenye unyenyekevu.

Ijumaa, tarehe 6
Aibu! Asubuhi nilikichomoa kijiti, nikakiviringishia kitambaa changu cha mfukoni kilicholowa maji baridi. Nikasimama karibu na koki, mikono tayari. Mvuke haukuongezeka. King'ora kikalia! Kumbe kuna kijiti cha pili, chini kabisa, ambacho sikukijua. Mtambo umelinganisha viwili, ukafunga mvuke wenyewe, ukaandika kwenye skrini kwamba cha juu kina kasoro, kikaguliwe. Shemeji akakagua mbele ya meneja. Akainua kitambaa. Nikasema labda panya. Meneja akakikunjua: uzi mwekundu, maandishi makubwa, “Mume Wangu Kipenzi”. Mke wangu alikidarizi mwenyewe, na uzi huo ulinunuliwa na shemeji.

Nilihesabu maboksi yote ya maisha yangu. Lakini shemeji akasema ni chake, alikuwa anajaribu kama mtambo unatambua hila. Meneja akampongeza kwa jaribio. Akampongeza na kwa ndoa. Shemeji hajaolewa! Uani alinishika sikio, mimi mtu mzima, akasema amefanya hivyo kwa ajili ya dada yake, na nikirudia atamweleza kila kitu. Nilikaribia kulia kwa shukrani.

Jumamosi, tarehe 7
Mtambo umefaulu. Mimi sihamishwi! Meneja amesema anayejua kuipumzisha sabuni vile hafai kupotezwa. Barua ya cheo kipya nimeisoma mara tatu: Msaidizi wa Mtambo. Msaidizi! Wa kabati! Na saa nne kamili limepunguza mvuke na kupumzika dakika arobaini zangu, huku mimi nimesimama nalilinda. Kidevu amepita akaliamkia shikamoo.

Shemeji amerudisha kitambaa, kimefuliwa na kupigwa pasi. Ameniapisha sitagusa tena kijiti. Nimeapa, mkono kifuani. Kisha nikapitia dukani. Nimenunua vitambaa viwili, maana vijiti ni viwili. Vyeupe, havina maandishi.