Kidimbwi cha Samaki cha Riungu

Jumatatu, 4 Machi 2019
Baraza la chifu, Kianjai. Habari mbaya! Afisa wa madini kutoka serikalini anakuja Alhamisi kukagua machimbo yote ya mawe. Asiye na leseni atafungiwa. Mimi sina. Leseni inataka ukuta wa chimbo ukatwe kwa ngazi na wafanyakazi wavae helmeti. Nani ana nafasi ya mambo hayo?

Jirani yangu Marete ana leseni, ameitundika ukutani kama picha ya harusi. Akauliza mbele ya watu wote kama shimo langu limesajiliwa. Nikajibu kwamba hilo si chimbo. Ni kidimbwi cha samaki. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Ulimi huu!

Jumanne, 5 Machi
Sijalala vizuri. Kidimbwi kinahitaji maji, kwa hiyo nimeelekeza mpira wa maji ya nyumbani shimoni. Mke wangu Cicily ameuliza atapikia nini. Nimemwambia avumilie, ni mambo ya maendeleo.

Mwongera, fundi wangu wa kukata mawe, anasema ufa wa juu ya ukuta umepanuka. Sasa mkono unaingia. Anasema maji yatalainisha udongo wa chini. Nimemwambia akate mawe, mambo ya ukuta aniachie mimi. Amenitazama, akachukua nyundo yake, akashuka.

Jumatano, 6 Machi
Samaki hawakupatikana. Nimechukua bata wa Cicily. Wameyaangalia maji, wakageuka, wakarudi nyumbani kwa mstari. Marete alikuwa kwenye ua akicheka hadi akashika tumbo.

Ufa nimeufunika kwa majani ya ndizi. Nimemwomba Mungu afisa awe na macho hafifu.

Alhamisi, 7 Machi
Afisa ni mama mmoja, Bi. Wamuyu, mpole, viatu vya matope. Akauliza kwa nini kidimbwi kina alama za patasi. Nikasema samaki hupenda kona. Hakucheka. Akainua majani ya ndizi kwa fimbo. Uso wake ukabadilika.

"Kuna mtu huko chini?"

Nikasema hakuna. Nilikuwa na hakika! Lakini Mwongera alikuwa ameshuka kuchukua nyundo yake aliyoisahau jana, maji yakimfika magotini.

"Toka! Toka sasa hivi!" mama akapiga kelele.

Mwongera akasema anakuja, madam, ameshaiona nyundo. Akainama. Kokoto zikaanza kudondoka, moja, kisha nyingi. Mimi nilisimama tu. Ni Marete aliyeruka ua akiwa na kamba, akamtupia Mwongera. Mama akashika, Marete akashika, hatimaye nami nikashika. Tukamvuta juu kama gunia. Hajamaliza kukaa kwenye nyasi, ukuta wote ukaanguka. Maji yakaturukia mpaka usoni.

Mwongera hakunitukana. Aliuliza tu kama watoto wake wametoka shule.

Ijumaa, 8 Machi
Chimbo limefungwa. Utepe mwekundu kila upande. Bi. Wamuyu ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba kama kamba ingechelewa kidogo, leo ningekuwa nahesabiwa kati ya waliofiwa au washtakiwa.

Mwongera ameenda kufanya kazi kwa Marete. Amepewa helmeti ya njano. Ameandikishwa NSSF, atakula pensheni akizeeka! Mke wake alikuja asubuhi kuchukua koti la mumewe kwenye msumari. Nilijificha kwenye zizi.

Nimeapa. Mawe basi.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani nimelia. Mchungaji alidhani ni mahubiri yake. Nimemshukuru Mungu kwa uhai wa Mwongera, na ni kweli kabisa, kwa moyo wote.

Baada ya chakula nilipita nyuma ya migomba. Nikagonga ardhi kwa jembe. Jiwe! Jiwe zuri, laini, karibu kabisa na juu. Marete hawezi kuona kutoka kwake. Nikawaza: ni nani amewahi kuomba leseni ya choo?

Nimemwambia Cicily kesho naanza kuchimba choo kipya. Akaja, akatazama nilipopima kwa kamba, akaniuliza ni cha watu wangapi.

Nimemwambia ni cha kwaya nzima.