Viatu vya Wakwato

Waliomfahamu walimwita Asali, kwa sababu hata nzi walimwamini. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu mashavuni, akimsikiliza mtu mzima, baba wa watoto wawili, akililia kwato za kiumbe asiyekuwepo duniani.

"Wenye vidole wana mabuti ya kila namna," kinyozi alisema, wembe ukiwa hewani. "Ya ngozi, ya chuma, ya kukanyagia moto. Sisi Wakwato? Kofia tunapewa, glovu tunapewa. Ukifika kwenye viatu, kisanduku kina alama nyekundu! Jana nimepita kwenye barafu, kwato zimepasuka zote. Kaka, hata chakula hakikupita."

Alikuwa akizungumzia mchezo wa kwenye simu uliokuwa umewapumbaza nusu ya watu wa mtaa ule. Ndani yake kulikuwa na mataifa mengi, na wao kwa fahari walichagua kuwa Wakwato: kiunoni kwenda juu mtu, kiunoni kwenda chini mbuzi. Asali hakuujua mchezo huo. Alichokijua ni sauti ya mtu anayetamani kitu kisichopo, na hiyo ndiyo bidhaa pekee aliyowahi kuuza.

"Kaka," alisema, "wewe unadhani hivyo viatu vya Wakwato vinashonwa na nani?"

"Vipo?"

"Sikujui vizuri, ila nikwambie. Mimi ndiye wakala wao. Vinatoka mwezi ujao. Wanatafuta Wakwato kumi na wawili tu wa majaribio, tena wenye akili."

Akili ni nywele, na kinyozi alishinda siku nzima akizifagia. Alimnyoa Asali bure, akampaka na manukato.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila mchezaji alikuwa na zizi lake mchezoni, na aliweza kumlaza Mkwato wake kwenye zizi la mwenzake. Mwenye neno la siri la zizi ndiye mwenye kila kilichomo. "Vipimo havichukuliwi kwa macho," Asali alieleza kwa huzuni ya daktari. "Lazima alale kwetu siku tatu." Katika wiki moja kinyozi na wateja wake walimletea Wakwato kumi na mmoja, waliolelewa kwa miaka. Siku tatu zikawa kumi, na hakuna aliyeuliza. Mafundi wote huchelewa, walisema, na wakaona kuchelewa huko ndiko ushahidi kwamba fundi ni wa kweli.

Mnunuzi alikuwapo tayari: muuza vipuri vya magari, tajiri aliyetaka kuwa shujaa bila kutoka jasho. Sharti lake lilikuwa moja. "Bila Malkia, sichukui hata mmoja."

Malkia alikuwa Mkwato wa Mama Gundi, fundi viatu, dada mkubwa wa kinyozi, duka lake ukuta kwa ukuta na la mdogo wake. Alikuwa amemlea miaka sita, na marehemu mumewe ndiye aliyemchagulia rangi ya manyoya. Mwanamke yule hakuwa na picha nyingi za mumewe. Alikuwa na rangi ile, na aliipenda kuliko cherehani yake.

Asali aliingia dukani kwake akiwa na mchoro wa rangi aliouchapisha stesheneri. "Dada, tazama mali hii."

Mama Gundi alitazama. Kiatu kilikuwa cha duara, kipande kimoja, kama cha farasi. Kwato za Wakwato zimegawanyika mara mbili, kama za mbuzi yeyote. Watu kumi na mmoja walikuwa wameuona mchoro ule, akiwemo yule aliyekosa chakula kwa ajili ya kwato, na hakuna aliyeona kasoro. Mama Gundi alikuwa ameshika miguu ya watu miaka ishirini. Alielewa palepale kwamba mdogo wake ameibiwa, na kwamba mwizi hajawahi hata kuitazama miguu anayoiuzia viatu.

"Kizuri," alisema. "Ila sisi mafundi tuna desturi. Mteja akiniachia kiatu, nampa ndala za kuendea nyumbani. Nikikuachia Malkia wangu, mimi unanivalisha nini?"

"Nitakupa amana, dada. Taja kiasi."

"Pesa sichezi nayo. Nipe neno la siri la zizi lako, niwe naingia kumlisha tu."

Asali alipiga hesabu. Kulibadilisha neno la siri ni kazi ya dakika moja, akishatoka mlangoni. Aliliandika mwenyewe kwenye simu ya Mama Gundi, akitabasamu kama bwana harusi. Malkia akaingia zizini.

"Na soli yako imeachama, kaka. Vua nikupigie uzi. Bure, wewe ni mgeni wa mdogo wangu."

Tapeli hakatai cha bure. Alivua viatu vyake vyeusi vya ncha kali, vilivyokuwa ndiyo ofisi yake, akavaa ndala alizosukumiwa bila kutazama. Cherehani ikaanza kunguruma. Asali akageukia mlango na kumpigia mnunuzi. "Bosi! Dazani imetimia! Chungulia zizini ujionee."

Nyuma yake, mguu wa Mama Gundi ulikuwa kwenye pedali na dole gumba kwenye simu. Kwa miaka sita alikuwa ameshona huku akicheza.

"Naona nyasi," sauti ya mnunuzi ilisema. "Nyasi tupu. Unanifanya mtoto?" Akakata.

Asali alibonyeza, akabonyeza tena. "Dada, neno la siri linakataa!"

"Nimelibadilisha, na Wakwato wote nimewahamishia zizini kwangu. Kitu kikiingia dukani kwangu, lazima nikirekebishe."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, kaka. Waambie umeibiwa mbuzi kumi na wawili wanaovaa kofia." Akapaza sauti ukutani: "Mdogo wangu! Wakala wako huyu hapa, hana kiatu hata kimoja!"

Kinyozi alitoka na wembe, nyuma yake wateja wawili walionyolewa nusu kichwa, nao pia Wakwato. Asali alitimua mbio. Ila ndala za kuazimisha za Mama Gundi ni za mguu wa kushoto zote mbili, makusudi, mteja asije akazizoea. Alikimbia upande upande hadi kona ya kwanza, akazitupa, akaendelea peku juu ya kokoto za jua la saa saba. Hapo, kwa mara ya kwanza, alielewa shida ya Wakwato.

Wakwato walirudishwa kwa wenyewe siku hiyohiyo. Malkia alirudi kwake, manyoya yake vilevile. Viatu vya ncha kali vilikaa rafuni miezi mitatu, kama tangazo la duka lisemavyo kuhusu viatu visivyofuatwa na wenyewe, kisha Mama Gundi akaikata ile ngozi na kushona viatu viwili vidogo, vilivyogawanyika katikati inavyopaswa. Akavitundika mlangoni.

Kinyozi aliviona, akasimama mdomo wazi.

"Dada! Kumbe vipo! Subiri, nikuandikie neno langu la siri."

Mama Gundi aliinama chini ya meza, akazitoa zile ndala alizokuwa ameziokota konani.

"Vua viatu," alimwambia.