Mgeni Rasmi na Fomu ya Sindano

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Makamu wa Mkuu wa Shule upande wa taaluma, Makamu upande wa nidhamu, ambaye naona amesimama mlangoni ili mtu asitoroke, Mwenyekiti wa Bodi, na mwakilishi wa Mwenyekiti ambaye amekuja bila kujua kwamba Mwenyekiti naye amekuja, walimu, wazazi, wadau wa ngazi zote, fundi wa vipaza sauti, wanafunzi wapendwa, na mimi mwenyewe, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Kuwaandaa Wanafunzi wa Sekondari Kujiunga na Chuo cha Maafisa wa Jeshi: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mheshimiwa mgeni rasmi anayasubiri yaongezeke. Hayaongezeki.)

Ndugu wananchi, mwaka huu programu yangu imefikia ufanisi wa asilimia mia moja, kiwango ambacho wataalamu walisema hakifikiki, kwani kati ya waombaji wote wa shule hii waliopita katika mikono yetu, ambao jumla yao kwa hesabu ya kompyuta ni mmoja, amefaulu mmoja. (Kicheko safu za nyuma.) Msicheke! Hiyo ni takwimu.

Mwombaji huyo ni binti wa kidato cha sita mnayemwita Sindano, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu mama yake, aliyeketi pale mbele, ni fundi cherehani. Kwa mujibu wa taarifa niliyokabidhiwa nikiwa ndani ya gari, mwaka jana wapimaji wa chuo walifika hapa, wakamwambia apige pushapu, akapiga tatu, ya nne akalala kifudifudi mbele ya shule nzima. Jioni alimwambia mama yake, "Basi mama, nifundishe kushona." Mama akamjibu, "Cherehani haina haraka, itakungoja. Kesho amka ukakimbie." Huo, ndugu zangu, ndio tunaouita ushirikishwaji wa jamii katika ngazi ya kaya, na uko ukurasa wa tatu wa mkakati wetu. (Mama Sindano anamnong'oneza jirani yake: "Mkakati gani tena?")

Asubuhi iliyofuata, Sindano aliingia katika awamu ya mazoezi ya viungo chini ya mkufunzi wetu, yaani mlinzi wa lango, mama mnayemwita Koplo, ambaye alistaafu jeshini na cheo hichohicho. Koplo alimwona anakimbia vibaya, akamwita, akamwambia avue viatu. Vidole vilikuwa vimechubuka. "Mwanangu, wewe si mvivu, viatu ndivyo vinakubana," akamwambia, akampa raba zake mwenyewe. Tangu siku hiyo binti alizunguka uwanja kila alfajiri, akaning'inia kwenye mwamba wa goli hadi mikono ikaota sugu, na Koplo akihesabu kutoka langoni bila kuacha kufungua na kufunga. Kwa lugha ya kitaalamu, huo ni utumiaji bora wa rasilimali watu. (Makofi makubwa. Koplo, anayechungulia dirishani kutoka nje, anatazama pembeni.)

Awamu ya kitaaluma iliendeshwa na mwalimu wa hisabati, Mwalimu Kipeo, ambaye aliacha chakula chake kipoe kila mchana mwaka mzima, kwani binti anataka kuwa mhandisi wa madaraja ya jeshi na vekta zilikuwa zikimtoa machozi. Nami sikukaa kimya! Binti huyu alikuja ofisini kwangu mara sita kuomba barua ya utambulisho. Mara zote sita nilikuwa kwenye warsha. Wengine watasema ni uzembe. Mimi nasema lilikuwa zoezi la subira, na alilifaulu. (Kicheko. Makamu wa nidhamu anajisahau, naye anacheka.)

Wapimaji waliporudi alipiga pushapu arobaini. Kwenye usaili, mzee mmoja mwenye nyota begani akamuuliza, "Askari wako wamechoka, hawataki kwenda. Utafanya nini?" Sindano akajibu, "Kwanza nitawauliza viatu vinawabana wapi." Nafasi akapewa. Na jibu hilo, ndugu zangu, ni tunda la moja kwa moja la programu ya...

(Sindano anasimama katikati ya ukumbi, fomu mkononi: "Shikamoo, mheshimiwa. Samahani kukukatiza. Hii fomu inataka sahihi yako, na leo ndiyo mwisho. Ofisi yao ya mjini inafungwa saa nane.")

Marahaba, mwanangu. Unaona subira inavyolipa? Lete. Mratibu wako hashindwi na sahihi. (Anavaa miwani.) "Eleza programu ya maandalizi aliyopitia mwombaji: mahali, tarehe ya kuanza, majina ya wakufunzi." Swali zuri. Tutaandika, kwa ujumla wake...

(Sindano, kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kinaidaka: "Mheshimiwa, tafadhali soma na pale chini. Wameandika kwamba ukitoa taarifa za uongo, nafasi yangu inafutwa.")

(Mheshimiwa anasoma pale chini mara mbili. Mama Sindano amesimama, mkono kifuani.)

Ahaa.

Ndugu wananchi, nina ufasaha mkubwa wa kuandika ripoti, lakini kalamu hii leo ni nzito. (Anaandika taratibu, akisoma.) Mahali: uwanja wa shule, na darasa la pili kushoto. Wakufunzi: mlinzi wa lango, na mwalimu wa hisabati. Mlezi: mama, fundi cherehani. Mratibu... (Anasita.) Mratibu tunaweka kistari. Sahihi hii hapa, muhuri huu hapa. Kimbia, mwanangu!

(Sindano anatoka mbio. Koplo, dirishani: "Mabega chini! Pumua kwa pua!" Ukumbi mzima unasimama.)

Kaeni, kaeni, sijamaliza. Nikisema "Maandalizi!", mnajibu "Mapema!" Maandalizi! (Kimya.) Nikisema "Programu!", mnajibu "Endelevu!" Programu! (Mwakilishi wa Mwenyekiti, peke yake: "Endelevu!") Asante sana, ndugu.

Kwa heshima na taadhima, basi, nawashukuru Koplo, Mwalimu Kipeo na Mama Sindano, kwa kuitekeleza mwaka mzima, bila kutumwa na mtu yeyote, programu ambayo nimeitolea ripoti miaka minne mfululizo na ambayo, nikisema kweli kama fomu ile ilivyonilazimisha, haijawahi kuwepo. Asanteni kwa kunisikiliza.