Daktari wa Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Wiki iliyopita nilitimiza miaka thelathini na moja tangu nitoke kwetu. Sikusherehekea. Nilihesabu kwa vidole, nikaishiwa vidole, nikaenda kuchemsha chai.

Leo Dada amepiga simu. Amenizidi miaka minne na hajawahi kunisamehe hata mwezi mmoja wa miaka hiyo. Binti yake amejifungua mapacha, nyumba imefurika, na chumba kimoja tu kimefungwa: changu. Anakifagia kila Ijumaa tangu niondoke. Anataka jibu kabla ya Jumapili. Narudi au sirudi? Nikirudi, chumba changu. Nisiporudi, cha mapacha. Akaongeza: "Na usinizungushe, mdogo wangu, mimi si mlango."

Nikakohoa. Nikasema goti linanisumbua, namsubiri daktari aamue kama naweza kusafiri. Ulimi hauna mfupa! Dada akasema vyema, basi daktari aseme, na yeye amsikie kwa masikio yake mwenyewe.

Daktari wangu nilimwona mwezi uliopita. Alisema goti hili linaweza kubeba gunia, sembuse begi.

Shajara haina mdomo, kwa hiyo naandika. Kusema ndiyo siwezi. Kusema hapana sithubutu. Kile chumba ni hatua saba kutoka kitandani hadi dirishani, na bado nazitembea kila siku ninaponyoa ndevu. Kikipewa mapacha, nitatembea wapi?

Nahitaji daktari mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshuka kwa jirani wa chini. Ni mpiga picha za harusi, mstaafu. Huniita Profesa kwa sababu ya vitabu vyangu, na hulitamka kama jina la ugonjwa. Nikamuuliza mtu mmoja anawezaje kuonekana wawili kwenye video.

Kumbe rahisi! Kamera inasimama kwenye stendi, haiguswi. Unajirekodi umekaa kulia. Unahama, unajirekodi umekaa kushoto. Kwenye kompyuta unailaza video moja juu ya nyingine, kisha unachora umbo linaloitwa maski. Kilichomo ndani ya mstari kinabaki, cha nje kinafutika, na picha ya chini inachungulia. Skrini imegawanyika nusu kwa nusu na mshono hauonekani.

Akauliza mzee mzima anataka wawili wa nini, ilhali huyu mmoja anatosha kuwachosha watu kwenye ngazi. Nikamjibu ni sanaa. Amenipa stendi na programu. Dharau amenipa bure.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimerekodi mgonjwa. Shali, kikohozi, uso wa huruma. Bora kabisa. Nikala, nikalala kidogo, maana kuumwa kunachosha. Alasiri nikarekodi daktari. Shati jeupe nimelivaa kinyumenyume, miwani ya kusomea, masharubu ya penseli. Sauti nzito. Akatamka kwamba mgonjwa huyu asipande ndege mwaka mzima, na kwamba kwa afya ya akili yake chumba chake cha nyumbani kisiguswe. Hiyo ya mwisho aliibuni mwenyewe. Mtaalamu!

Nikachora maski. Balaa. Saa ya ukutani imekaa pale pale kwenye mstari. Nusu yake ya kulia ni saa nne asubuhi, nusu ya kushoto ni saa kumi jioni. Nimesogeza mstari, saa yote sasa ni ya daktari. Lakini kivuli changu kimeangukia huku na chake kule.

Jirani amepanda kuangalia. Ametazama, kisha akanipongeza kwa kuishi kwenye nyumba yenye majua mawili.

Wivu tu. Nimeituma.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Dada kaiona, nyumba nzima kaionyesha. Kanipa pole kwa goti. Kisha akauliza: daktari wa huko aliijulia wapi lugha yetu, tena kwa ufasaha ule?

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema alizaliwa kwetu, akaondoka mdogo.

Kosa la kijinga. Huwezi kumtajia Dada mtu wa kwetu halafu ukamwachia hapo. Mtoto wa nani? Mama yake katoka nyumba ipi? Bibi yake alizikwa wapi? Nikasema sijui, nikasema mtandao unakatika, nikakata mimi.

Amepiga tena jioni. Kikao cha ukoo kimekaa. Wote wameafikiana kwamba paji lile la uso ni letu, pua ile ni yetu, na daktari bila shaka ni mtoto wa marehemu baba mdogo aliyesafiri zamani na hakuandika hata barua moja. Damu nzito kuliko maji, anasema Dada. Madhali mimi siwezi kusafiri, basi aje yeye. Chumba wamekipiga deki. Pazia jipya, la maua.

Wamempa chumba changu!

Nina wivu na mtu anayevaa suruali yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari lazima aaibike. Hakuna njia nyingine.

Video ya pili. Mgonjwa anagundua kuwa daktari ni tapeli, anamrukia na kumkamata ukosi. Kulia nimekamata hewa. Kushoto nimejikunja kama niliyekamatwa. Kiti kimoja kimevunjika mguu. Jirani kagonga dari kwa ufagio.

Kwenye kompyuta mkono wangu unafika kwenye mstari na kutoweka. Umekatwa kwenye kifundo, safi kabisa, na daktari hashtuki hata kidogo. Nikashuka tena kwa jirani, nimejishusha kweli kweli. Akasema mkono ukitaka kuvuka, maski lazima iufuate, picha moja baada ya nyingine, na kila sekunde ina picha ishirini na tano. Nimemaliza sekunde mbili. Macho yakagoma. Basi abaki bila mkono, mapambano yana majeruhi.

Mwishoni daktari anakiri kwamba hajasoma udaktari, anauza viatu, na ukoo wetu haumjui. Amekiri kwa uchungu. Nilimwonea huruma.

Nimeituma.

Jumamosi, 8 Machi

Dada hajajibu. Nimecheza dama na jirani, kanifunga mara tatu. Anasema leo nilikuwa mmoja tu, tena si yule mwenye akili.

Jumapili, 9 Machi

Dada alipopiga hakuweza kusema. Alicheka mpaka akampa binti yake simu, binti naye akacheka, simu ikarudi kwa mwenyewe.

Walijua tangu dakika ya kwanza. Daktari kila alipotaka kudanganya alijikuna nyuma ya sikio kwa kidole cha mwisho. "Baba, Mungu amrehemu, alijikuna hivyo hivyo," akasema Dada. "Na wewe tangu ulipoiba sukari." Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna pazia la maua. Walitaka kuona nitafika wapi, na ile ya mkono uliokatika wameiangalia mara kumi na moja.

Na chumba? Mapacha wamelala humo tangu Jumatatu. Aliwahamisha aliponisikia nikikohoa.

Kisha akaacha kucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akinisomea nayo nilipokuwa na homa: unakuja, mdogo wangu?

Nikasema hapana. Sikusema mwaka kesho. Sikusema Mungu akipenda.

Mtoto mmoja akalia kule nyuma yake, na mwangwi wake nikaujua, kwa sababu ukuta wa upande wa dirisha hurudisha sauti. Dada akasema haya, angalau umesema. Akasema sasa amebaki Shangazi kuambiwa. Ana miaka tisini na moja na kila mgeni anamwambia niko njiani. Huyo asisikie kwa watu. Asikie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimeapa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari kwa makini yaliyonipata wiki hii, na kosa nimeliona. Ni mwanga. Pande zote mbili zirekodiwe saa ile ile, na kingo za maski zilainishwe. Jirani alinificha kwamba kuna kitufe cha kulainisha kingo!

Stendi nimeichukua tena. Nimemwambia ni ya kuaga, akatikisa kichwa kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha juu ya nguo alizoanika.

Kiapo nakitimiza. Shangazi atasikia kwa mdomo wangu, na Dada hakusema upande gani wa skrini. Daktari ataanza. Atamwamkia, atamuulizia miguu, atamsifu kwa umri, atamweleza taratibu mambo ya hali ya hewa na ya safari ndefu. Mikono nimemfunga kiunoni. Nimempa dakika nne nzima, maana habari kama hii haimwagwi kama maji ya kuoshea vyombo.

Kisha mimi, upande wa kulia, bila shali. Nina neno moja tu.

Sitarudi.