Ombi la Kuwaazima Wanakwaya Wawili Presha Yangu na Sukari Yangu

Kwa Daktari Thon Athian,
Kliniki iliyo nyuma ya maduka ya mabati,
Hai Jalaba, Juba.

Daktari mheshimiwa,

KUH: KUNYIMWA RUHUSA YA KUGAWA UGONJWA WANGU MWENYEWE

Nakusalimu kwa heshima, ingawa jana nilitoka ofisini mwako bila kuaga. Naandika Kiswahili kwa sababu wewe kimekulea Eldoret, na mimi kimeniuzia mabati hapa Juba miaka kumi na minne. Kiingereza changu kikikasirika hupoteza hesabu.

Hali unaijua, lakini naiweka kwenye karatasi usije ukasema hukuambiwa. Binti yangu Kisakye, aliye ng'ambo kwenye nchi ya baridi, alijifungua mapacha mwezi wa kwanza, Wasswa na Kato. Mumewe yuko kazini siku sita kwa wiki. Mimi nyanya yao sijawashika hata kidole. Viza yangu ni ya siku tisini. Karatasi niliyotumiwa inasema msafiri aingie na dawa zake mwenyewe za siku thelathini tu, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina lake. Mimi kwa siku nameza vidonge vinne: viwili vya presha, viwili vya sukari. Siku tisini ni vidonge 360. Wao wanataka 120. Na wewe mwenyewe uliniambia nikikosa dawa wiki moja nitaanguka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkasi. Sister Nyamal wa dirisha la dawa anakata karatasi ya vidonge kama fundi cherehani. Ukitaka kumi unapewa kumi, jina la dawa linabaki nusu kwake nusu kwako, na tarehe ya kuharibika inakwenda nyumbani na mgonjwa mwingine. Kisha vinatiwa kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x2". Hapa Juba wote tunaisoma hiyo. Lakini afisa wa uwanja wa ndege wa huko akiniuliza hii ni nini, nimjibu moja mara mbili? Nataka pakiti nzima, zenye jina kamili kama langu.

2. Kukataliwa kwa wasaidizi wangu. Kwaya yetu imealikwa kuimba huko wiki tatu, na tunapanda ndege moja. Nilikuletea wawili wenye afya: Norman Lubega, mwimba besi na mpakiaji wangu, anayebeba mfuko wa saruji kila bega, na Milly, sauti ya kwanza, muuza vitenge. Vidonge vinavyozidi ni 240, yaani 120 vya presha na 120 vya sukari. Mungu mwenyewe amevigawa. Walibishana kidogo tu. Norman alisema, "Presha nipe mimi, Mama Kisakye. Sukari hapana, mimi na soda hatuachani." Milly akaruka juu, "Sukari mimi? Na sijaolewa! Wachumba wakisikia?" Nikamwambia ni ya safari tu, akakubali. Ulichotakiwa wewe ni barua mbili fupi. Ukanijibu, "Mama, siandiki ugonjwa ambao sijaupima."

3. Uliita jambo hilo udanganyifu. Daktari, biashara yangu ilianzia ndani ya basi, na katoni sita za misumari. Abiria anaruhusiwa kuvusha vitu vyake vichache, basi kabla ya kufika kizuizi cha forodha mpakani niligawa: moja kwa mchungaji, moja kwa mama mwenye mtoto, moja kwa dereva, na zile nyingine kwa yeyote mwenye uso mzuri. Kila mmoja alisema "yangu hiyo", tukavuka, nikakusanya, nikashukuru kwa ndizi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa seremala, na hakuna aliyepimwa useremala. Iweje msumari ugawike na presha isigawike?

4. Ugonjwa huu ni mali yangu. Nimeulea miaka tisa. Nimeunyima chumvi, nimeunyima nyama ya mbuzi ya Krismasi, nimeupandisha boda kuja kwako kila mwezi, mvua hata vumbi. Jenereta langu nawaazima majirani na hakuna daktari anayekuja kupima kama kweli wana giza.

5. Hufikirii faida yako. Kwaya ikirudi baada ya siku ishirini na moja, utawaandikia Norman na Milly kwamba wamepona kabisa. Kliniki yako itakuwa imeponya presha moja na sukari moja kwa wiki tatu. Nitajie hospitali kubwa iliyowahi kufanya hivyo.

6. Ulinishauri nikifika nimwone daktari wa huko. Kisakye ameuliza: mgeni anasubiri wiki saba. Wiki saba ni siku 49. Toa 30 nitakazokuwa na dawa, zinabaki 19 za kuanguka mbele ya wajukuu. Ushauri wako una shimo la siku kumi na tisa.

7. Na kama kugawa hutaki, niongezee. Sheria yao inahesabu siku, haihesabu vidonge. Andika kwamba nameza kumi na viwili kwa siku. Kumi na viwili mara thelathini ni 360, khalas, yamekwisha. Nitameza vinne, na vile vinane nitavipumzisha mpaka zamu yao ifike. Hapo hakuna mtu wa pili, hakuna uongo wa kugawana, ni kalamu yako tu.

Nangoja majibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu ndege haina presha, haingoji. Nisalimie mkeo Abuk na watoto, mlinzi Wol wa getini, na wote waliokaa kwenye benchi wakinisikia jana. Msalimie hata Sister Nyamal, pamoja na mkasi wake.

Ni mimi, mgonjwa wako mwaminifu wa miaka tisa,

Erina Namutebi (Mama Kisakye),
Mabati na Saruji, Hai Jalaba.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshatia sahihi. Asubuhi hii nikawaleta wote wawili kwa Sister Nyamal wapimwe, ili upate kipimo ulichodai, uone ni wazima wa kunibebea tu, na ukose sababu ya kuninyima barua. Milly ni mzima. Norman, mashine imeandika 198 kwa 121. Sister akasema labda mashine imechoka, akamfunga mkono wa pili: 196. Mimi siku yangu mbaya kuliko zote sijafika 180. Norman alicheka, "Si ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta, Mama?" Kisha akavua kofia. Akaniuliza polepole, "Na hii, mtu analala nayo vipi?" Akanyoosha mkono nimpe kidonge kimoja changu. Nimekataa, Daktari. Nimemwambia dawa ya mtu ni ya mtu, na ugonjwa hauazimwi, angoje apimwe na mwenye kazi yake. Amenibebea saruji miaka sita na sikuwahi kumwuliza kama kichwa kinamuuma. Yuko kwenye benchi lako hapo nje, ameshika kofia. Mwone yeye kwanza. Mimi niandikie siku thelathini tu, nitarudi nyumbani dawa zikiisha.