Darasa Lililojengwa Mara Nne

Shirika la umma lilipouzwa naye akapunguzwa kazini, mwaka tisini na mbili, Silvano wa Ipagala, mtaa wa mjini, alibaki na mali mbili: suti ya kijivu na Kiingereza kilichonyooka. Kwa hizo akapata kibarua cha kuwakalimania wazungu wa kujitolea, vijana kumi na wawili waliokuja kujenga darasa katika kijiji kimoja nje kidogo ya Gulwe.

Wiki tatu aliwatazama wakibeba tofali mojamoja, wakipigana picha, wakionyeshana malengelenge ya viganja kwa fahari. Nauli ya mmoja wao tu ingejenga darasa na chenji ikabaki, lakini hayo hakuulizwa mkalimani. Ukuta ulipofika kwenye linta, juu ya madirisha, wakalia. Walilia kweli, wakawakumbatia watoto wasiowajua majina.

Silvano akasogea pembeni kufikiri, kama afikirivyo mtu asiye na mshahara. Hawa, alijiambia, hawakuja kuliona darasa. Wamekuja kulijenga. Likiisha, na utamu umekwisha. Kwa hiyo lisiishe.

Treni ilipowachukua wageni, aliwakusanya wanakijiji, uso wa msiba.

"Ndugu zangu, injinia wa wilaya amepita. Ukuta haujafikia kiwango. Tuubomoe, tusije tukazika watoto."

Nani abishane na injinia? Ukuta ulikuwa umejengwa kwa tope, maana simenti Silvano alikwisha kuiokoa mapema, ukaanguka kwa asubuhi moja. Matofali yakapangwa vizuri kusubiri wapenzi wapya. Barua moja ng'ambo, na picha ya msingi mtupu, ikatosha kuleta kundi la pili kiangazi kilichofuata, kisha la tatu. Kila kundi lilikuja na simenti yake na mabati yake, na Silvano aliyapeleka mjini kuyahifadhi. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Wanafunzi wa darasa la nne, wakati huo, walisoma nje. Jua liliwachoma, na masika mvua iliufuta ubao kabla hawajanakili sentensi ya pili. Wazazi walianza kuwarudisha watoto kuchunga ng'ombe, na mwalimu wao, Edina, alijua kuwa yakija masika mengine kama yale hatabakiwa na darasa la kufundisha.

Kundi la nne lilipokuwa likijenga, Edina alikwenda Mpwapwa kuchukua mshahara, akapitia ofisi ya wilaya kumwomba huyo injinia safari hii aje akague mapema.

"Injinia gani, Mwalimu?" karani alimshangaa. "Aliyekuwepo kastaafu. Huu mwaka wa tano hatuna."

Edina alikasirika. Akakaa kwenye benchi, akaandika orodha ya simenti na mabati yote yaliyoletwa, kisha akaomba kumwona Mkuu wa Wilaya.

Wageni wakaondoka Jumamosi. Jumatatu Silvano akaja na lori na wabomoaji wawili. Akakuta turubai, ngoma, na Landrova yenye bendera.

"Mfadhili wetu kafika!" Edina alipaza sauti. Kina mama wakapiga vigelegele, na Silvano akakalishwa meza kuu kabla hajapata uongo wa kumtosha.

"Mwalimu, hii nini?" alinong'ona.

"Jiwe la msingi, kaka."

"Ukuta haujakaguliwa!"

"Mwambie Mheshimiwa. Huyo hapo."

Pazia likafunuliwa, na jina la Mkuu wa Wilaya likang'aa ukutani kwa rangi nyeupe. Katika nchi hii ukuta unaweza kupata ufa, kupinda, hata kuliwa na mchwa. Ila ukishaandikwa jina la mkubwa, haubomolewi. Wabomoaji walilijua hilo. Wakaficha nyundo chini ya lori, wakajiunga na foleni ya pilau.

"Ndugu Silvano," Mkuu wa Wilaya alimshika bega, "Mwalimu ananiambia simenti na mabati umetutunzia mjini. Ya makundi yote manne!"

"Mheshimiwa, kuna... kuna utaratibu wa..."

"Utaratibu nimekuja nao. Sajenti na vijana wake watakusaidia kupakia. Naona na lori umeshaleta. Huo ndio uzalendo!"

Watu wakapiga makofi. Silvano naye akapiga, asionekane mtovu wa adabu.

Jioni ile, Ipagala, askari walipakia mali ya kundi la nne iliyokuwa uani ikisubiri mnunuzi. Sajenti alilinganisha mabati na orodha ya Edina. Yalipungua mno. Akatazama huku na huku, akainua macho kwenye nyumba ya Silvano, akaisoma polepole chapa ya wafadhili iliyopigwa kwenye kila bati la paa.

"Haya nayo ni ya shule?" aliuliza kwa upole.

Silvano akaifikiria rumande. Kisha akaifikiria mvua.

"Ngazi iko nyuma ya nyumba, afande," alisema.